Mwenda Roma na Marejeo Yake



Jioni moja katika Kibingo, kahawa ilipokwisha kukusanywa isipate umande, Bibi mmoja alimwita mwalimu wa dini wa kigango chao, akampa kiti, akamwambia, “Mwalimu, mjukuu wangu amepata barua. Wataka kumpeleka Roma akasome miaka minne. Baba yake amefurahi, mama yake amefurahi, na Padre amefurahi. Wote waniomba nimbariki. Lakini mimi nina swali, na hata leo sijapata mtu wa kunijibu. Anayekwenda mji ule, akirudi, huwa ni yule yule?”

Mwalimu akanyamaza, maana alijua swali lile limetoka wapi. Mwana wa kwanza wa Bibi alikwenda mji wa mbali zamani, akakaa huko miaka ishirini. Siku aliporudi, ndizi zilipikwa, jirani wote wakaja, na wazee wakaketi kumngojea. Akaja akasalimu watu akiwa amesimama, akatazama saa yake, kisha akaenda kulala Kayanga katika nyumba ya wageni. Bibi hakumlaumu mbele ya watu. Lakini chakula kile kilikaa hata asubuhi, na tangu siku ile neno “kurudi” lina uchungu kinywani mwake.

Mwalimu akasema, “Bibi, nipe siku chache. Sitaki kukujibu neno la kukupendeza tu.” Akaenda, akasoma, akawauliza Mapadre, kisha akarudi na habari za mtu mmoja wa nchi yetu hii aliyekwenda Roma kusoma, akarudi kwao, kisha akaenda tena mara nyingi hata akazeeka. Habari hizo tumeziandika hapa, kwa kuwa swali la Bibi ni swali la nyumba nyingi.

MTOTO WA BUKONGO

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, katika nchi ya Wahaya, wakati Wadachi walipokuwa wakitawala. Jina lake latoka katika neno la kugamba, ambalo watu wa Karagwe na wa Buhaya walijua sawasawa, yaani kusema. Rugambwa ni yule anayesemwa, mwenye kutajwa na watu. Hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristu. Alibatizwa tarehe 19 Machi 1921, akiwa na umri wa miaka 8, pamoja na wazazi wake. Basi imani haikuwa kwake kitu alichokikuta kimewekwa nyumbani kama kinu na mchi. Aliiona ikiingia mlangoni.

Alisoma katika seminari ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda seminari kubwa ya Katigondo katika Uganda. Alipewa upadre tarehe 12 Desemba 1943, wakati vita kuu ya pili ilipokuwa haijaisha. Akafanya kazi ya upadre miaka michache, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akapelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa.

Wala hakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo katika Afrika ya Mashariki. Joseph Kiwanuka wa Masaka alikuwa amesoma Roma kabla yake, akapata udaktari wa sheria za Kanisa mwaka 1932. Miaka saba baadaye, tarehe 29 Oktoba 1939, alirudi Roma, na Papa Pius XII akamweka wakfu kuwa askofu ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro. Jimbo lake lilikuwa Masaka, nalo ndilo lenye Katigondo. Hivyo waseminari wa Katigondo walijua kwa macho yao kwamba mtu aweza kwenda Roma, akarudi, akala nao meza moja.

ROMA YA MWANAFUNZI

Siku zile msafiri wa nchi zetu aliyefuata njia ya maji alipanda meli ya ziwani Bukoba, akashika reli hata pwani, kisha akaingia meli ya bahari, akapita Suez hata Ulaya. Ilikuwa safari ya majuma mengi. Leo mtu akiondoka Bukoba kwa ndege asubuhi aweza kufika Ulaya kabla siku ya pili haijapita.

Naye padre kijana aliyefika Roma wakati ule aliukuta mji uliotoka katika jaribu kubwa. Tarehe 19 Julai 1943 mabomu yaliuangukia mtaa wa San Lorenzo, na watu wengi wakafa. Tangu Septemba 1943 hata tarehe 4 Juni 1944 mji ulikuwa mikononi mwa jeshi la Wadachi. Italia ilikuwa imeshindwa vitani. Mfalme wake ameondoka, na watu wamechagua jamhuri kwa kura ya tarehe 2 Juni 1946. Watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamewaona Waitalia wakiwa mateka wa vita. Mateka hao walifanya kazi ya barabara huko Kenya, na kando ya njia ya Mai Mahiu walijenga kanisa dogo mwaka 1942, ambalo wasafiri waliona hata baadaye. Basi mtu wetu alikwenda kusoma katika mji wa watu waliokuwa wakifutika machozi kama watu wengine wote.

Chuo alichosoma ni kile cha Propaganda Fide, kilichoanzishwa na Papa Urbano VIII mwaka 1627 kwa ajili ya vijana wa nchi za misioni. Kipo juu ya kilima cha Gianicolo, na mtu akisimama pale huliona kuba la kanisa la Mtakatifu Petro karibu sana. Katika miaka hiyo hiyo alisoma huko kijana mwingine wa Afrika ya Mashariki, Maurice Otunga, mwana wa chifu kutoka Bungoma katika Kenya. Yeye alipewa upadre Roma tarehe 3 Oktoba 1950. Kumbukeni jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Mwaka 1950 ulikuwa Mwaka Mtakatifu. Mahujaji walimiminika kutoka kila nchi. Njia pana iendayo katika kanisa la Mtakatifu Petro, ambayo nyumba nyingi zilivunjwa ili ipite, ilimalizika kwa ajili ya mwaka ule. Tarehe 1 Novemba Papa Pius XII alitangaza katika uwanja wa Mtakatifu Petro fundisho la Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mwezi wa Desemba alitangaza kwa redio kwamba kaburi la Mtakatifu Petro limepatikana chini ya kanisa, mahali palipokuwa pakichimbwa tangu 1940 hata 1949. Padre Rugambwa alikuwa mwanafunzi katika mji ule mambo hayo yalipotokea. Mwaka 1951 akapata udaktari wake, na tarehe 13 Desemba mwaka ule ule akateuliwa kuwa askofu wa Kagera ya Chini, nchi ya kwao. Mwanafunzi akarudi nyumbani akiwa mchungaji. Aliwekwa wakfu tarehe 10 Februari 1952.

Hapo Bibi alimkatiza mwalimu. “Huyo amerudi upesi. Mwanangu alikaa miaka ishirini. Niambie habari za aliyekawia.”

ALIYEKWENDA ASIRUDI

Mwalimu hakuficha. Akamwambia kwamba wako waliokwenda wasirudi kabisa. Mwaka 1604 mfalme wa Kongo alimtuma balozi kwa Papa, jina lake Antonio Manuel Ne Vunda. Balozi huyo alisafiri karibu miaka minne, akapatwa na taabu nyingi njiani, na wengi wa watu wake wakafa. Alifika Roma mwezi wa Januari 1608, akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alimtembelea kitandani. Akafa mara, kabla hajaingia mji kwa ile heshima iliyokuwa imeandaliwa, akazikwa katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Hata leo sanamu yake ya jiwe jeusi ipo pale, imechongwa kichwa na mabega, na mgongoni ana podo la mishale.

Bibi akauliza, “Mama yake alipata habari?” Mwalimu hakuwa na neno la kumjibu, na sisi pia hatuna.

MAREJEO YA KWANZA

Mwezi wa Machi 1960 Papa Yohane XXIII aliwataja Makardinali wapya saba. Kati yao alikuwapo Peter Doi wa Japani, wa kwanza wa taifa lake. Rufino Santos wa Visiwa vya Filipino, wa kwanza wa taifa lake. Na Laurean Rugambwa wa Tanganyika, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa Kardinali katika nyakati hizi. Walipewa cheo tarehe 28 Machi. Alikuwa na miaka 47. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Waingereza, maana uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Basi mtu wa nchi isiyokuwa na bendera yake alikaa katika baraza la Papa kabla nchi yake haijakaa katika baraza la mataifa.

Kila Kardinali hupewa kanisa moja la Roma liwe lake kwa heshima. Yeye alipewa San Francesco a Ripa, katika mtaa wa Trastevere, ng'ambo ya mto Tiber. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikaa mahali pale alipokuja Roma, palipokuwa na nyumba ya kuwapokea maskini na wagonjwa. Kanisa hilo liko chini ya kilima kile kile cha Gianicolo, chenye chuo alichosoma. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu amalize masomo.

Mwaka ule ule, tarehe 10 Septemba 1960, Mwafrika mwingine wa mashariki alitajwa Roma. Katika michezo ya Olimpiki, askari mmoja wa Ethiopia, Abebe Bikila, alikimbia mbio ndefu bila viatu, akawashinda wote, akamaliza usiku chini ya tao la Konstantino. Njiani alipita karibu na mnara wa jiwe la Aksum, uliochukuliwa na Waitalia kutoka nchi yake, wakausimamisha Roma mwaka 1937 kuwa ukumbusho wa ushindi wao. Nasi tutaurudia mnara huo, maana nao una safari yake.

Bibi alitaka kujua jambo moja tu: Kardinali huyo alikaa wapi? Je, walimpa nyumba Roma asirudi tena? La, hasha. Tarehe 21 Juni 1960 alifanywa Askofu wa Bukoba, akakaa Bukoba. Cheo kilikuwa cha Roma, lakini kazi ilikuwa ya nyumbani.

MTAGUSO NA UCHAGUZI

Tangu tarehe 11 Oktoba 1962 hata tarehe 8 Desemba 1965 Maaskofu wa dunia nzima walikutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Maaskofu wa Afrika walifanya umoja wao ili wasiwe sauti nyingi zilizotawanyika, wakamweka Kardinali Rugambwa kuwa mkuu wao. Mmoja wa makatibu alikuwa Joseph Blomjous, Askofu wa Mwanza. Katika kipindi hicho hicho, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Mzee yeyote wa Karagwe ajua maana ya jambo hilo. Namugongo si mbali na sisi, na habari za vijana wale zilisimuliwa huku kabla hazijaandikwa katika vitabu.

Katikati ya Mtaguso, tarehe 3 Juni 1963, Papa Yohane alikufa. Makardinali 80 wakaingia katika kikanisa cha Sistina, chini ya picha za Michelangelo, milango ikafungwa. Mwafrika mweusi alikuwa mmoja tu, mtoto wa Bukongo. Tarehe 21 Juni walimchagua Paulo VI. Katika miaka 12 mtu huyu alikuwa ameuona mji ule mmoja kwa hali tatu: akiwa mwanafunzi wa kuulizwa maswali, akiwa Kardinali wa kupewa kofia, na akiwa mchaguzi wa Papa. Mawe ni yale yale, na njia ni zile zile. Aliyebadilika ni mpita njia.

MWAKA 1978

Twafika sasa mahali ambapo mwalimu alisema polepole.

Mwaka 1968 Kardinali Rugambwa alihamishwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 66, na ilikaribia miaka thelathini tangu alipofika Roma mara ya kwanza. Tarehe 6 Agosti Papa Paulo VI alikufa. Kardinali akasafiri, akaingia tena Sistina, na tarehe 26 Agosti wakamchagua Yohane Paulo I. Papa huyo alikaa siku 33 tu. Alikufa tarehe 28 Septemba. Wakaitwa tena. Tarehe 16 Oktoba 1978 wakamchagua Karol Wojtyła wa Polandi, aliyejiita Yohane Paulo II.

Mji ule haukuwa Roma ya mwaka 1950. Wakati ule ulikuwa na umaskini wa baada ya vita, lakini watu walikuwa na tumaini. Mwaka 1978 ulikuwa na mali nyingi na hofu nyingi. Tarehe 16 Machi watu wenye silaha walimteka Aldo Moro, aliyekuwa zamani waziri mkuu wa Italia, mchana njiani, wakawaua walinzi wake watano. Tarehe 9 Mei maiti yake ilionekana ndani ya motokaa katikati ya mji. Mtu aliyeijua Roma ya ujana wake angaliweza kuuliza kama Bibi: je, huu ni mji ule ule?

Lakini ndani ya Sistina pia palikuwa na badiliko, na hilo lilikuwa la furaha. Kati ya Makardinali 111 Waafrika hawakuwa mmoja tena. Palikuwapo Joseph Malula wa Kinshasa, na Emmanuel Nsubuga wa Kampala. Palikuwapo pia Maurice Otunga wa Nairobi, yule kijana wa Bungoma, aliyefanywa Kardinali mwaka 1973. Wanafunzi wawili wa kilima kimoja, mmoja wa magharibi ya ziwa na mmoja wa mashariki yake, wakaketi chumba kimoja wakiwa wazee, wakaandika kura zao.

Na nyumbani je? Nyumbani nako hakukungoja. Majuma mawili baada ya uchaguzi ule, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, wengine wakakimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wakanyang'anywa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita viliendelea hata Kampala iliposhikwa tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wetu ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera, nao ukaanza kujengwa upya.

Bibi aliinua mkono. “Hayo usinisimulie, Mwalimu. Hayo niliyaona.” Wakakaa kimya kitambo kidogo. Kisha akasema, “Basi hata sisi tuliobaki hatukuwa wale wale.”

Mwalimu akamwambia, “Ndilo neno nililokuwa nikilitafuta, Bibi.”

JIWE LILILORUDI KWAO

Tuliahidi kuurudia mnara wa Aksum. Ni jiwe lenye kimo cha mita 24 hivi, lililochongwa na watu wa Ethiopia karne nyingi kabla. Lilisimama Roma tangu 1937. Mwanafunzi wa mwaka 1950 angeliliona. Kardinali wa mwaka 1978 angeliliona pale pale. Waitalia walikuwa wameahidi katika mapatano ya mwaka 1947 kurudisha vitu walivyovichukua Ethiopia, lakini jiwe lilikaa. Mwisho lilikatwa vipande vitatu, likapelekwa kwa ndege mwaka 2005, na mwaka 2008 likasimamishwa tena Aksum, mahali pake. Maungio ya vipande yapo. Watu wa Aksum hawakulikataa kwa sababu ya maungio hayo, wala hawakusema, “Hili si lile letu.” Walilipokea.

RUGAMBWA WA PILI

Papa aliyechaguliwa Oktoba 1978 alikuja Tanzania mwezi wa Septemba 1990, naye Askofu Mkuu wa Dar es Salaam aliyempokea alikuwa mmoja wa wale waliomchagua. Safari hiyo aliyesafiri ni Papa, na mwenyeji ni mtoto wa Bukongo. Tarehe 2 Septemba Papa aliwapa upadre vijana huko Dar es Salaam. Mmoja wao alikuwa Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena, Bukoba, tarehe 31 Mei 1960, miezi miwili baada ya Laurean kufanywa Kardinali. Alipewa upadre kwa ajili ya jimbo la Rulenge. Na Karagwe ilikuwa ndani ya jimbo hilo hata mwaka 2008, jimbo letu la Kayanga lilipozaliwa.

Padre huyo alikwenda Roma kusoma tangu 1994 hata 1998, akarudi kufanya kazi Rulenge. Akawa Askofu wa Kigoma mwaka 2008. Mwaka 2012 aliitwa tena Roma, si kukaa kwenye benchi la darasa, bali kufanya kazi katika ofisi kuu ya uinjilishaji wa mataifa. Mwaka 2017 akawa Katibu wake. Mwaka 2023 alirudishwa Tanzania katika jimbo kuu la Tabora, na tarehe 30 Septemba mwaka huo akafanywa Kardinali. Tarehe 7 Mei 2025 aliingia Sistina pamoja na wenzake 133 kwa jumla, na kesho yake wakamchagua Papa Leo XIV. Miaka 62 ilikuwa imepita tangu jina la Rugambwa lilipotajwa mara ya kwanza katika chumba kile.

JIBU LA BIBI

Wahenga walisema, “Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni chini ndani, mahali maji yanapokusanyika. Mtu atembee chomboni mbele na nyuma, mwisho atashuka pale. Kardinali Laurean Rugambwa aliacha kazi ya uaskofu mwaka 1992, akafa tarehe 8 Desemba 1997. Hakuzikwa Roma. Alizikwa kwanza Kashozi, mahali pale wamisionari walipofanya kituo chao mwaka 1892, na mwezi wa Oktoba 2012 mwili wake ukahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Shule ya wasichana mjini Bukoba ina jina lake, na hospitali ya Ukonga katika Dar es Salaam ina jina lake. Wasichana wanaosoma pale, na wagonjwa wanaolala pale, wengi hawajui Roma ilivyo. Lakini wanafaidiwa na mtu aliyekwenda akarudi.

Basi mwalimu akamjibu Bibi hivi: “Anayekwenda harudi yule yule. Ningekuambia harudi mwingine, ningekudanganya. Mji ule nao haukai ule ule, na Kibingo haikai ile ile. Hata wewe miaka minne ijayo hutakuwa huyu. Uliloogopa si kwamba mwanao alibadilika. Uliloogopa ni kwamba alirudi bila kuketi. Huyo wa Bukongo alikwenda mwanafunzi, akarudi mzee. Lakini kila aliporudi aliketi na watu wake, akawafanyia kazi. Jambo hilo hakufundishwa Roma. Alikwenda nalo kutoka hapa.”

Bibi akafikiri. Kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa nyuma ya nyumba akisikiliza, akamwambia, “Njoo upige magoti. Nitakubariki. Lakini wewe nawe uniahidi neno moja. Siku utakayorudi, hata ukiwa na haraka namna gani, utaketi ule kwanza. Nikiwa nimekwisha kufa, utakula na hao utakaowakuta.”

Kijana akaahidi. Bibi akaweka mikono juu ya kichwa chake. Siku ya tatu akaondoka na gari la alfajiri, naye Bibi alimfungia ndizi za kuchoma katika jani, ingawa watu walimwambia kwamba katika ndege chakula kipo.

MANENO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA SHULENI

1. Wazazi: mtoto wetu aendapo mbali, twampa nini zaidi ya nauli? Ni neno gani twataka akae nalo?

2. Walimu: onyesheni watoto katika ramani njia ya Bukoba hata pwani, na pwani hata Roma kupitia Suez. Waulizeni kwa nini Antonio Manuel Ne Vunda alikawia karibu miaka minne, na leo mtu aweza kufika kwa siku moja au mbili.

3. Watoto: waulizeni wazee wa nyumba habari za mwaka 1978 katika mkoa wetu, mkaziandike kabla hazijasahauliwa.

4. Wote: yuko mtu wa ukoo wetu aliyerudi kutoka mbali, naye hajaketi nasi bado? Labda anangoja kualikwa. Chakula cha siku ile kilichokaa hata asubuhi kinaweza kupikwa tena.